Hodi ya Mbogo Nyumbani kwa Bi Sange

Hapo zamani za kale, wakati ambapo kila mnyama alikuwa na mlango wake, na hakuna aliyeuvuka mlango wa mwenziwe pasipo kubisha hodi, palikuwa na msitu ulioitwa Mrihini. Miti ya msitu huo ilidondosha majani mwaka mzima, na majani yakatandikana chini, tabaka juu ya tabaka, mpaka ardhi ikawa laini kama godoro la sufi.

Juu ya godoro hilo waliishi Bwana Sange na mkewe, Bi Sange.

Huenda hamjapata kumwona sange, wajukuu zangu, kwa sababu yeye hukuoneni kwanza. Ni mnyama mdogo, miguu myembamba kama njiti, pua ndefu inayopindapinda huku na huku, na makalio ya manjano kama papai bivu. Kutwa nzima hupekua majani kwa pua hiyo, chakara-chakara, akitafuta mchwa na jongoo. Akiona hatari hupiga mkia chini, pa! pa! pa!, kisha hutoweka.

Nyumba yake ni ya majani vilevile. Alfajiri, umande ukiwa ungali mbichi na majani hayawezi kupiga kelele, Bwana Sange na mkewe walichimba kishimo, wakakifunika, wakakikanyaga-kanyaga. Basi, nyumba imekwisha. Mpita njia angedhani ni upepo umekusanya majani. Walikuwa na nyumba saba, wakalala leo hapa na kesho pale, maana adui huisoma upesi njia ya mtu mwenye kitanda kimoja.

Zamani sange walikuwa wengi. Walijaa msitu wa magharibi na msitu wa mashariki. Wa magharibi ukachomwa makaa. Wa mashariki ukakatwa uwe malisho. Sange asiye na majani ya kupekua hana chakula, na asiye na majani ya kujifunika hana nyumba. Kwa hiyo walipungua, wakapungua, wakabaki wachache tu, na wote walikuwa hapo Mrihini. Tena mwaka huo Bi Sange alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa zimekaribia.

Asubuhi moja ardhi ilitikisika. Ndi! Ndi! Ndi!

Alikuwa Mbogo, mkuu wa kundi la nyati mia moja wa bondeni. Pembe zake zilikuwa nene kama shina la mnazi, lakini manyoya yake alikuwa ameyachana, na kwato zake alikuwa amezifuta umande kabla ya kuingia msituni. Kwa maana Mbogo alijivunia jambo moja kuliko nguvu zake, nalo ni adabu. Nyuma yake, akichechemea, alikuja Fisi mchoma makaa, uso umejaa masizi.

"Hapa, mkubwa wangu," alisema Fisi. "Kata yote. Wewe utapata malisho, mimi nitapata visiki vya makaa. Hapana mwenyewe."

"Una hakika hapana mwenyewe?"

"Lo! Nani aishi ndani ya takataka hizi?"

Pa! pa! pa! Mkia ulipigwa juu ya majani. Bi Sange alitokeza, tumbo mbele, mumewe akimvuta nyuma.

"Shikamoo, Bwana Mbogo," alisema.

Mbogo alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatazama chini. "Marahaba. Ni nani wewe, bibi?"

"Ni mwenye nyumba. Tunazo nyumba saba humu. Nimesikia unakuja kukata."

"Nyumba!" Fisi alicheka, kwe-kwe-kwe! "Mkubwa wangu, hiyo ni chungu ya majani! Nikipiga chafya, mtaa mzima unahama."

Lakini Mbogo alikunja uso. "Nyumba ni nyumba, wewe bwana. Mimi si mhuni wa kubomoa nyumba ya mtu bila hodi. Bibi, kundi langu lina njaa, bonde limekauka. Nitakata msitu huu, hilo halina mjadala. Lakini kesho nitakuja kubisha hodi kwenye nyumba moja moja. Nitakapoitikiwa, nitamwarifu mwenyewe atoe vyombo vyake, kisha nitaibomoa kwa heshima."

"Kwa heshima," alirudia Bi Sange.

"Kwa heshima kabisa," alisema Mbogo, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Bwana Sange alizunguka mti mara nane. "Kwa heshima! Mke wangu, tutakufa kwa heshima! Tukimbilie wapi? Mashariki jua kali, magharibi majivu!"

"Hatukimbii. Mimi siwezi kukimbia na tumbo hili. Umesikia alivyosema? Abomoapo ni pale aitikiwapo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe una miguu, na mimi nina mdomo. Kesho miguu ifanye kazi, mdomo unyamaze."

Kesho yake Mbogo alifika kwenye nyumba ya kwanza. Akainamisha pua mpaka chini, akavuta pumzi, akanguruma:

"HODIII!"

Fuu! Paa lote la nyumba likapeperuka.

"Samahani," alisema Mbogo kwa haya, akayakusanya majani kwa ulimi, akayarudisha. "Hodi," akanong'ona mara ya pili. "Hodi," mara ya tatu. Kimya. Mara upande wa pili wa kijia akaona kitu cha manjano kikipita, mrrr! na mkia, pa! pa!

"Yule kule!" alipiga kelele Fisi. "Amekimbilia nyumba nyingine!"

Wakaenda nyumba ya pili. Hodi, hodi, hodi. Kimya. Manjano yakapita tena, mrrr! Nyumba ya tatu, kimya. Ya nne, kimya. Adhuhuri ikapita. Ya tano, ya sita. Mbogo alikuwa amepoteza sauti, na goti lake la kushoto lilikuwa linauma kwa kuinama.

"Bomoa!" alisema Fisi. "Nyumba tupu ni majani tu!"

"Mwenyewe ametoka," Mbogo alijibu kwa sauti ya kukwaruza. "Nyumba ya aliyetoka haijaacha kuwa nyumba. Ukitoka wewe kwenda kuoga, nije nikuvunjie?"

"Mimi huwa siogi."

"Najua. Upepo huniarifu."

Basi wakarudi bila kukata hata kijiti. Bwana Sange alijitupa chini, ulimi nje, akacheka mpaka akapaliwa. Lakini mkewe hakucheka. Alijua kwamba Fisi ana pua.

Na kweli. Siku ya pili, jua lilipochomoza, Fisi hakufuata manjano. Alipiga pua chini, snif, snif, snif, akaiacha nyumba ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, akapita chini ya mti mkubwa wa mbambakofi, akasimama mbele ya nyumba ya saba.

"Hii hapa," alisema, mate yakimdondoka. "Ina harufu ya maziwa."

Ndani ya nyumba hiyo Bi Sange alikuwa amejifungua alfajiri ile ile. Mtoto alikuwa mmoja, kama ilivyo kawaida ya sange, macho wazi, miguu ikitetemeka. Hakuweza kukimbia. Mama yake naye hakuweza.

Bwana Sange alipita mbele ya Mbogo na Fisi akionyesha manjano yake yote, akaruka, akapiga mkia, pa! pa! pa! pa! Hakuna aliyemtazama.

Mbogo aliinama. "Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Bwana Sange aliziba macho yake.

"Hodi," alisema Mbogo mara ya tatu, na Fisi tayari alikuwa ameinua shoka.

"KARIBU!" iliitika sauti nyembamba kutoka ndani. "Karibu, mgeni wetu! Karibu ndani, usisimame mlangoni kama mdai!"

"Ameitika!" Fisi aliruka juu. "Ameitika, mkubwa wangu! Sasa mwambie atoe vyombo!"

Mbogo alifungua mdomo kusema. Lakini Bi Sange alikuwa ameshatokeza pua yake ndefu.

"Ah! Ni wewe, Bwana Mbogo! Umekuja kututazama! Umesikia kwamba tumepata mtoto, ukasema, acha niende nikawape hongera. Kwa kweli una malezi. Nilimwambia mume wangu: 'Wengine wote watachelewa, lakini Bwana Mbogo atakuwa wa kwanza.'"

Masikio ya Mbogo yalishuka. "Mtoto?" alisema. "Hongera. Hongera sana. Mimi... sikuja na zawadi."

"Kuja kwako ni zawadi. Keti! Si hapo, hapo ni mlangoni. Keti barazani, chini ya mbambakofi. Mume wangu! Mletee mgeni chakula. Mgeni hakai mkavu."

"Usile!" alinong'ona Fisi. "Mkubwa wangu, chonde, usitie kitu mdomoni!"

Bwana Sange, asiyeelewa lolote lakini aliyezoea kumtii mkewe, alirudi akisukuma jani pana kwa pua. Juu ya jani palikuwa na bonge jeupe la udongo wa chumvi kutoka kwenye kichuguu. Na ninyi mnajua, kwa nyati, chumvi ni kama halua kwenu.

Pua ya Mbogo ilitetemeka.

"Usile!" alisema Fisi. "Ukila chumvi yake hutaweza kumvunjia!"

"Nikatae?" Mbogo alimgeukia kwa hasira. "Nimeketi barazani kwa watu, nyumba ina mtoto mchanga, nimeandaliwa, nami nikatae? Wataniitaje? Mama yangu kaburini ataona haya!" Akalamba. Lamp! Lamp! Macho yakamfumbika. "Tamu," akasema. "Tamu mno, bibi."

"Na wewe, Bwana Fisi, karibu," alisema Bi Sange.

"Sili!" alifoka Fisi. "Mimi nina akili zangu! Sili, sinywi, siketi!"

"Kama upendavyo," alisema Bi Sange kwa upole.

Mbogo alipomaliza alikohoa. "Bibi, nimekula chumvi yako. Nyumba hii sitaigusa. Hiyo ni ahadi. Lakini sehemu nyingine za msitu, hizo nitazikata, maana kundi langu lina njaa."

"Bila shaka," alisema Bi Sange. "Nani azuie? Lakini unaondoka mara hii? Mgeni wa mbali hukaa siku mbili. Au ni kwamba nyumba yetu ndogo haikustahili?"

"La! La hasha! Sikusema hivyo!"

"Basi twende jikoni, ukapate kunywa."

Jiko lilikuwa wapi? Lilikuwa upande wa kaskazini, mwendo wa saa nzima, penye miti ya muhugu ambako jongoo ni wengi. "Hapa ndipo tunapopikia," alisema Bwana Sange, ambaye sasa alikuwa ameanza kuelewa, na mkia wake ukawa hautulii. Mbogo alikunywa maji ya kijito, akala majani mabichi, akashukuru.

Ukumbi ulikuwa kusini, kwenye uwazi wenye nyasi kidogo. Hapo wakazungumza mpaka alasiri, na sange wengine wa Mrihini wakaja mmoja mmoja kumwamkia mgeni. Ua wa kuogea ulikuwa magharibi, dimbwi la tope zuri, na Mbogo akagaagaa humo, pwaa! mpaka akaimba. Chumba cha wageni kilikuwa mashariki kabisa, kichaka kizito chenye majani hadi magotini. Alilala huko, akaamka akisema hajapata kulala hivyo tangu alipokuwa ndama.

Siku iliyofuata wakamzungusha tena. Kifungua kinywa ghalani. Chakula cha mchana kwenye baraza ya nyuma. Hapakuwa na mti hata mmoja Mrihini ambao hakukaa kwenye kivuli chake, na chini ya kila mti alikaribishwa, akala, akashukuru.

Fisi alifuata nyuma kwa njaa, tumbo likinguruma, akisema, "Unachezewa! Mkubwa wangu, unachezewa!"

Asubuhi ya siku ya tatu Mbogo alisimama, akajinyoosha, akaanza kuaga. "Nimefurahi sana. Sasa, kama nilivyosema, nitakata sehemu zilizobaki."

"Sawa," alisema Bi Sange, mtoto akinyonya. "Uanzie wapi? Jikoni?"

"Jikoni? Hapana! Nimekula jikoni kwako!"

"Basi ukumbini."

"Ukumbini nimeamkiwa na wazee wenu!"

"Kule ulikoogea?"

"Bibi! Uani kwa mtu?"

"Basi kimebaki chumba cha wageni. Lakini ni chumba chako hicho, fanya upendavyo."

Mbogo alitazama kaskazini, kusini, magharibi na mashariki. Kila alikotazama palikuwa ni nyumbani kwa watu aliokula chumvi yao.

"Mimi sikula!" Fisi aliruka mbele, macho mekundu. "Nilisema nina akili! Sikula, sikunywa, sikuketi! Hakuna adabu inayonifunga mimi!" Akainua shoka, akakimbilia mbambakofi, akapiga. Ko! Gome likaruka. Ko!

Mtoto wa sange alishtuka, akalia.

Wajukuu zangu, mgeni hulinda nyumba aliyomo. Hilo Mbogo alifundishwa kabla hajaota pembe. "Wewe bwana!" alinguruma, na safari hii sauti yake ilikuwa imerudi yote. "Unakata baraza ya wenyeji wangu, nami nimo?"

"Mkubwa wangu, subiri, mimi na wewe..."

Ndi! Ndi! Ndi! Ndi! Shoka lilienda huku, Fisi akaenda kule, na pembe zikamsindikiza mpaka ng'ambo ya bonde. Husemwa kwamba hata mchechemeo wake ulipona kwa muda ule, kwani hakuna aliyemwona akichechemea.

Mbogo alirudi akihema. Bwana Sange alikuwa anamngoja njiani, naye ameburuta kijembe kidogo cha mti, amekiweka mbele yake.

"Hiki nini?"

"Leo ni siku ya tatu," alisema Bwana Sange, akijitahidi asicheke. "Mgeni siku mbili..."

"...ya tatu mpe jembe," Mbogo alimalizia, akacheka mwenyewe, ho-ho-ho! mpaka ndege wakaruka. "Haya. Nilime wapi? Nyumba yenu haina pa kulima."

Yeye na mkewe, aliyembeba mtoto, wakampeleka ukingoni mwa msitu, upande wa mashariki. Majani yaliishia hapo ghafla. Mbele yao palikuwa na nchi nyekundu iliyopasuka, na visiki vimesimama kama meno yaliyooza. Sange hao wawili hawakupita ukingo. Walisimama juu ya jani la mwisho.

Mbogo aliitambua. "Hapa nilikata mimi. Mwaka juzi. Fisi aliniapia kwamba hapana mwenyewe, kwa hiyo sikubisha. Nikapata nyasi msimu mmoja, kisha kijito kikakauka, na bonde langu nalo likakauka." Akakigusa kisiki kimoja kwa pua. "Alikuwepo mwenyewe?"

"Dada yangu," alisema Bi Sange. "Nyumba tano."

Mbogo alikitazama kijembe, akakiona ni kidogo mno, akaanza kuchimba kwa kwato. Kila alipochimba, Bwana Sange alileta mbegu ya mbambakofi kutoka msituni, akaidondosha. Wakafanya hivyo kutwa nzima.

"Na kundi langu?" Mbogo aliuliza jioni ilipokaribia. "Litakula nini mpaka miti ikue?"

"Kijito cha jikoni kwetu hakijakauka," alisema Bi Sange. "Kinatiririka mpaka upande wako wa bonde, ni visiki alivyotupa Fisi ndivyo vilivyokiziba. Vitoe, na maji yatafika. Nyasi hufuata maji. Siku za kiangazi kikali walete kumi kumi wanywe kwetu. Kwa hodi."

"Kwa hodi," alisema Mbogo. Akafikiri. Kisha akamtazama kwa jicho moja. "Bibi, niambie kweli. Umenidanganya?"

"Mimi? Mimi nimekukaribisha tu."

"Huo msitu wote ni nyumba yako? Chumba cha wageni mwendo wa nusu siku kutoka jikoni?"

"Bwana Mbogo," alisema Bi Sange, akimfunika mtoto wake kwa jani, "kwa mnyama mdogo kama mimi, ungeutoa upande upi, nami nikabaki na nyumba?"

Mbogo aliinamisha pembe zake hadi zikagusa majani, akaaga, akateremka bondeni kuvitoa visiki. Mvua za masika zilipokuja, maji yalifika, na kundi likala likashiba. Na ukingoni kule mashariki, vichipukizi vya kwanza vikaangusha majani yao ya kwanza, machache tu, ya kutosha nyumba moja.

Nami naiacha hadithi hapo, na funzo lake ni hili: asiyezuilika mlangoni, mkaribishe ndani akulindie nyumba.